Barua Haina Mbio

Mpwa wangu alinijia baada ya sala ya isha, akaketi barazani pangu kimya, na mie nikajua ana haja. Kijana wa siku hizi akija kwa mjomba wake na simu ameitia mfukoni, basi jambo ni zito. Aliniuliza hali, akaniuliza na kifua changu, kisha akalitoa lililomleta: "Mjomba, jeshi litaandika vijana. Wewe wajuana na watu wakubwa. Nitafutie barua."

Sikumjibu upesi. Nilimwambia nina safari ya bara, nikirudi nitampa jawabu. Sasa nimerudi, na jawabu nimempa. Lakini nimeonelea nilitoe hapa pia, kwani najua si yeye peke yake aitakaye barua. Katika mitaa yetu, tangu Vanga hata Lamu, ni wachache vijana waliomaliza kidato cha nne na wenye hamu ya kuvaa sare, wasiokuwa na mjomba aliyeombwa neno kama hilo.

Safari yangu ilikuwa ya Mautuma. Msomaji wa pwani huenda akauliza Mautuma ni wapi. Ni sehemu ya Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, mpakani na Uasin Gishu, si mbali na Turbo ilioko katika njia kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye. Zamani ardhi ile ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru ilikatwakatwa vipande, wakapewa wananchi, na watu wakahamia kutoka Maragoli, Bunyore, Kabras, Wanga na kwengineko. Kwa hivyo huku utamsikia jirani huyu ana lahaja yake ya Kiluhya na jirani yule ana yake, na Kiswahili ndicho kinachokaa kati yao kama mshenga.

Mwenyeji wangu ni Mwislamu wa asili ya Mumias. Asishangae msomaji. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara wa kwetu ilifika kwa Nabongo Mumia, ikapokewa vyema, na ilipoondoka iliacha dini na lugha. Babu yake mwenyeji wangu alisoma chuo kama tulivyosoma sisi, kwa ubao na wino. Tukikutana, yeye huniita Ustadhi, nami humwita Sheikh, na kila mmoja humcheka mwenzake kwa kumpandisha cheo.

Siku ya pili ya kufika kwangu, tulipokuwa tumemaliza kusali alfajiri na kiza bado hakijaondoka, nilisikia vishindo vya miguu barabarani. Havikuwa vya mtu mmoja. Vilikuja, vikapita mbele ya ua, vikapotea upande wa mahindi. Nikadhani mwizi anafukuzwa. Mwenyeji wangu akacheka. "Hao si wezi, Ustadhi," akaniambia. "Hilo ni jeshi ambalo halijaandikwa."

Nilijifunga shali, nikatoka kutazama. Baridi ya huko si ya mchezo, kwani nchi imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani akivuta pumzi huhisi kama kwamba hewa imepunguzwa kwa kipimo. Baada ya muda wakarudi: vijana wapatao kumi na wawili, na kati yao wasichana watatu. Baadhi wana viatu vilivyopasuka vidole, na wawili hawana kitu miguuni. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye saa mkononi, alikuwa akiwasubiri kwenye njia panda, akitaja dakika za kila mmoja kwa sauti kama muadhini.

Nilimuuliza kijana aliyetangulia kufika, mrefu, mwembamba, hata hakuonyesha kuchoka: "Wataka kuwa kama Kipchoge Keino?"

"La, Mzee," akanijibu. "Nataka kuwa askari. Medali ikija, ije baadaye."

Jawabu lile lilinifanya nitafakari. Sisi tunaokaa mbali huwaona watu wa nyanda za juu wakikimbia, tukadhani kila mmoja anakimbilia Olimpiki. Wale niliowakuta Mautuma wanakimbilia mlango wa kazi. Shamba alilopewa babu limegawanywa mara mbili, na sehemu ya mjukuu haiwezi kulisha mke na watoto. Mshahara wa serikali ndio shamba jipya.

Mwalimu alinifafanulia jambo lenyewe, nami nalitoa kama nilivyolielewa. Mwenye kutaka kuingia katika Jeshi la Ulinzi la Kenya ana milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni wa kuruta, ambaye hufunzwa Eldoret. Huyu huchaguliwa uwanjani, katika wilaya yake, siku iliyotangazwa. Wa pili ni wa kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa. Yeye huomba kwa maandishi, akiteuliwa huitwa kuhojiwa na kupimwa, na akifaulu huenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, karibu na Nakuru. Huko ndiko Rais, aliye Amiri Jeshi Mkuu, huenda kuwatunuku vyeo wanaohitimu.

Siku ya uwanjani, vijana hufika kabla ya jua na vyeti vyao. Hupimwa kimo, matangazo ya miaka ya karibuni yametaka kisipungue mita 1.60. Hupimwa uzani, kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Meno hutazamwa, macho hutazamwa, nyayo hutazamwa, na kovu la zamani huulizwa limetoka wapi. Na hukimbizwa. Hapo katika mbio ndipo safu ya mamia inapokuwa safu ya makumi. Mwenye kukimbia kila alfajiri humaliza na bado ana sauti ya kutaja jina lake. Aliyekuja kwa kutegemea kimo na maneno hukaa chini ya mti na maji usoni.

Basi riadha inamsaidia mwombaji? Inamsaidia sana, na historia ya nchi yetu ni shahidi. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Wilson Kiprugut, mtu wa jeshi, aliyepata shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964. Dhahabu ya kwanza ililetwa na mwanajeshi mwengine, Naftali Temu, katika mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 na mshindi wa mita 5,000 huko Seoul mwaka 1988, alikuwa askari. Moses Kiptanui, binadamu wa kwanza kumaliza mita 3,000 za kuruka viunzi na maji chini ya dakika 8, mwaka 1995 mjini Zürich, naye alilelewa na jeshi. Keino mwenyewe alikuwa polisi. Jeshi, polisi na magereza wana timu zao na mashindano yao, na kwa miaka mingi mwanariadha maskini amepata huko vitu vitatu ambavyo kijijini hakuvipata: chakula cha uhakika, mwalimu wa mbio na muda wa kufanya mazoezi.

Lakini mwalimu yule alinionya nisiishie hapo. "Mzee, watu husoma habari hiyo kwa nyuma," aliniambia. "Hudhani kila bingwa alichukuliwa kwa sababu alikuwa bingwa. Si wote." Akanitolea mfano wa Paul Tergat. Shuleni Tergat hakuwa na sifa ya mbio. Alikuwa mcheza mpira wa kikapu. Mbio zilimtokea alipokwisha kuingia jeshini, katika Jeshi la Anga, na ndipo akatwaa ubingwa wa dunia wa nyika mara 5 mfululizo, tangu 1995 hadi 1999, na mwaka 2003 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Berlin, saa 2 dakika 4 na sekunde 55. Kwa hivyo riadha inaweza kuwa ufunguo wa kuingilia, na inaweza pia kuwa hazina uikutayo ndani baada ya kuingia. Ambayo haiwezi kuwa ni cheti cha shule.

Hilo ndilo lililomkera mwalimu. Alinionyesha kwa kidole vijana wawili, bila ya kuwaita wasikie. Mmoja ni mwepesi kuliko wote, lakini aliacha kusoma kwa bidii tangu kidato cha pili, akisema miguu yake itamsomea. Huyo akifanikiwa ataingia kwa mlango wa kuruta, nao ni mlango wa heshima, lakini ule wa Lanet amejifungia mwenyewe, kwa kuwa kadeti hutakiwa alama za juu katika mtihani wa kidato cha nne. Wa pili ni msichana, wa tano au wa sita katika mbio, ambaye alipata alama nzuri na kila siku akitoka njiani huenda kusomesha wadogo zake hesabu. "Huyu," mwalimu akasema, "ndiye mwenye miguu miwili."

Na hali hii si ya kwetu tu. Huko Marekani, kijana anayeomba kuingia chuo cha kijeshi cha West Point hupewa jaribio la mwili lenye sehemu 6: kurusha mpira wa kikapu akiwa amepiga magoti, kujivuta juu ya chuma, kukimbia kwenda na kurudi, kuinuka kutoka kulala chali, pushapu, na mbio za maili 1. Kucheza katika timu ya shule humwongezea sifa. Lakini fungu kubwa kabisa la hesabu yake ni masomo. Tena huko, sikiliza msomaji, barua imo katika sheria: mwombaji aghalabu hutakiwa apate uteuzi wa mbunge au seneta wake, hadharani, kwa utaratibu unaojulikana. Hata hivyo aliyekwisha kuupata ile maili huikimbia mwenyewe. Hakuna seneta aliyepata kumkimbilia mtu.

Siku hiyo jioni, tulipokuwa tukinywa chai, nilimwambia mwenyeji wangu habari za mpwa wangu na barua yake. Akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniandikia.

Yule kijana mrefu aliyetangulia kufika njia panda ni mwanawe wa mwisho. Mwaka uliopita, ulipokaribia wakati wa kuandikisha, alikuja mtu aliyevaa vizuri, anayejua kutaja majina ya wakubwa. Alisema nafasi zimekwisha kugawanywa, na kwamba yeye aweza kumpatia kijana barua ya kuitwa Eldoret. Mwenyeji wangu aliuza mtamba aliyekuwa akimtunza kwa mahari ya kijana huyo huyo. Mtu yule alipokea fedha, akatoa sharti moja: kijana asiende uwanjani, asije akaharibu mpango kwa kuonekana.

"Na hakwenda?" nikauliza.

"Nilimkataza mimi mwenyewe, Ustadhi. Siku hiyo alikaa hapa uani akisikia wenzake wanapita. Alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mti, na kutoka kwenye mti hadi mlangoni. Jioni wenzake wawili walirudi wamechukuliwa, na wote wawili yeye huwaacha mbali."

Barua haikuja, na mtu yule hakuonekana tena.

Nimeandika mengi katika maisha yangu, na nimesikia habari nyingi za ulaghai, lakini hii ilinikaa kifuani. Jeshi hutangaza kila mara kwamba kuandikwa hakulipiwi hata senti moja, na si mara moja wazazi na watoto wao wamefika katika lango la Eldoret na barua za kughushi, wakaishia mikononi mwa polisi. Yote hayo mwenyeji wangu alikuwa ameyasikia. Lakini mzazi mwenye hofu husikia kwa sikio moja. Hasara ya mtamba ni ya kuhesabika. Hasara ya pili haihesabiki: mbio, jambo pekee ambalo kijana yule alikuwa nalo na ambalo hakuna awezaye kumghushia, barua ilimzuia asizikimbie.

Sasa na mimi niseme langu, kwani si haki kufunua la mwenzangu na kuficha langu. Mwaka 1989, nikiwa kijana wa miaka 19, nilikwenda uwanjani kutaka uaskari. Marehemu baba alinipatia barua ya mzee mmoja mwenye jina, nami nikaitia katika mfuko wa shati kama hirizi. Sikuwa nimefanya mazoezi hata siku moja. Kwa nini nichoke, ilhali ninayo barua? Tulipoamrishwa kukimbia nilianza mbele kabisa, kwa kibri. Mzunguko wa pili haukuisha, nikashika mbavu, nikaketi. Nilipoitoa ile barua ilikuwa imerowa jasho, wino umechuruzika, hata jina la mzee halisomeki. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Nilirudi nyumbani nikasema nafasi zilikuwa zimekwisha kugawanywa, na uongo huo niliuamini mwenyewe kwa miaka mingi.

Kwetu pwani tumejizoesha kusema kuwa mbio ni za watu wa milimani. Neno hilo ni mto mzuri wa kulalia, lakini si kweli. Seraphino Antao, mwenye asili ya Goa, alizaliwa Mombasa hii hii, akapumua hewa hii hii ya chumvi, na mwaka 1962 huko Perth akashinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Ilipita miaka 60 mpaka Mkenya mwengine akashinda tena mbio fupi kabisa za michezo hiyo. Huyo ni Ferdinand Omanyala, mtu wa Bungoma, jirani na Lugari, aliyeshinda mita 100 huko Birmingham mwaka 2022. Chuoni nasi tulisomeshwa kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha, akashindwa mara moja na akashinda mara nyengine. Ni wapi basi tulipolipata neno kuwa mbio ni utoto?

Wala asiseme mtu kuwa milango ya jeshi haifunguki kwa watu wetu wa dini. Fatuma Ahmed, mwanamke Mwislamu, aliingia jeshini mwaka 1983. Mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufikia cheo cha meja jenerali, na Mei 2024 aliteuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Anga. Na makao ya Jeshi la Wanamaji yako Mtongwe, ng'ambo ya maji, mahali ambapo mtoto wa Likoni huyaona kila akienda shule. Malalamiko ya watu wa pwani juu ya kusahauliwa katika kazi za serikali yana sehemu yake ya haki, nami sitayafuta. Lakini lalamiko lina nguvu zaidi linapotoka kinywani mwa mtu aliyefika mwisho wa uwanja kuliko aliyekaa chini ya mti.

Nilipoagana na mwenyeji wangu, mwanawe alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda akinibebea mkoba. Nilimuuliza kama mara hii atakwenda uwanjani. "Nitakwenda, Mzee," akasema. "Wakinikataa, nitajua ni mimi waliyemkataa."

Neno hilo ndilo nililomletea mpwa wangu. Nilimwambia: barua sina, na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Lete vyeti vyako tuvitazame, tujue ni mlango wa Eldoret au wa Lanet. Mathalani alama zako hazitoshi, tafuta njia ya kuzitengeneza. Na kesho alfajiri, baada ya sala, tukutane Mama Ngina. Nikamtungia na ubeti, asije akasema mjomba amemnyima kila kitu:

Barua haina mbio, mbio hazinunuliwi,
Fedha siyo kimbilio, pumzi haigawiwi,
Asosoma ni kilio, mlango hafunguliwi,
Mguu mmoja siyo, kikomo hakifikiwi.

Alikuja. Siku ya kwanza alikimbia kutoka kwenye mibuyu hadi upande wa feri, akarudi anatembea, mkono ubavuni, kama nilivyokuwa mimi mwaka ule. Siku ya nane alirudi anakimbia. Mie na kifua changu hukaa juu ya ukuta, uso baharini, na saa mkononi, nikimtajia dakika zake kwa sauti.